Majina Daftarini: Kumbukumbu za Huduma ya Kanisa Beira Baada ya Kimbunga Idai

Miongoni mwa desturi ambazo makanisa ya Afrika Mashariki yalizipokea kutoka kwa wamisionari na baadaye kuzifanya zao, safari ya huduma imeandikwa kidogo mno. Kwa safari ya huduma inakusudiwa hapa safari ambayo waumini wa kawaida, wasio wataalamu wa misaada na wasiolipwa mshahara, huifanya kwenda nchi nyingine kwa nauli iliyochangwa na usharika wao, ili kuwahudumia watu waliofikwa na maafa. Msomaji wa Kiswahili ameizoea safari hiyo kutoka upande wa mwenyeji, kwa kuwa wageni waliofika na fulana za rangi moja, wakapaka rangi madarasa, wakaimba na watoto na kupiga picha, kwa kawaida walitoka Ulaya na Marekani. Kimbunga Idai kilipoipiga Msumbiji mwezi Machi 2019, baadhi ya waumini wa Tanzania walijikuta wao ndio wageni. Kumbukumbu zinazoelezwa hapa zinatokana na safari moja ya namna hiyo kwenda Beira na wilaya jirani ya Dondo, ambayo mwandishi alikuwamo akiwa karani, na zinasimamia hoja moja: kwamba katika maafa makubwa kitu cha kwanza kugawanywa ni nafasi katika orodha ya wanaostahili, ambayo hutangulia unga na mabati, na kwamba mgeni wa kanisa ana faida moja tu ambayo mwenyeji hawezi kuwa nayo, nayo ni kutokuwa na ndugu hata mmoja katika orodha hiyo.

Ukubwa wa maafa yenyewe unahitaji kuelezwa, kwa sababu ndio uliofanya orodha iwe jambo la kufa na kupona. Idai kilianza mwanzoni mwa Machi kama mgandamizo mdogo wa hewa, yaani eneo ambalo hewa yake ni nyepesi kuliko ile inayolizunguka na kwa hiyo huvuta upepo na mvuke kutoka pande zote, katika mkono wa bahari unaoitenga Madagaska na Msumbiji. Kilipanda nchi kavu kikanyesha mvua kubwa hadi kusini mwa Malawi, kikarudi baharini kuchota nguvu katika maji ya vuguvugu, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi kikatua karibu na Beira. Mji huo ni bandari iliyojengwa juu ya tambarare ya matope, ambako baadhi ya mitaa iko chini ya kiwango cha maji ya bahari yanapojaa, kwa hiyo upepo haukuezua mapaa tu bali uliisukuma bahari ikaingia majumbani. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi, kwani mito ya Buzi na Pungwe, iliyokuwa imebeba mvua za milima ya Zimbabwe, ilifurika na kuigeuza nchi ya bara kuwa ziwa ambamo watu walikaa juu ya miti na mapaa wakingoja mitumbwi na helikopta. Barabara ya N6, ambayo ndiyo njia kuu ya kuingia Beira kutoka bara, ilikatika, na mji ukawa kama kisiwa. Katika Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600, na katika nchi tatu za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi zaidi ya 1,000. Waliohitaji msaada Msumbiji walikuwa karibu milioni 2, na mazao ya zaidi ya hekta 700,000 yaliharibika wiki chache tu kabla ya mavuno. Tarehe 27 Machi serikali ilitangaza kuwapo kwa kipindupindu, na mapema Aprili ikaanza kampeni ya chanjo ya kunywa kwa dozi karibu 900,000. Kabla mwezi huo haujaisha, kimbunga kingine, Kenneth, kikaipiga Cabo Delgado, jimbo linalopakana na Mtwara.

Kwamba Watanzania walikwenda si jambo la kushangaza kwa mtu anayeijua historia ya nchi hizo mbili. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilianzishwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na maelfu ya wakimbizi walivuka Ruvuma kuishi kusini mwa Tanzania. Baada ya Idai serikali ya Tanzania ilituma dawa na chakula kwa ndege za jeshi, na sharika zilichangishana kwa namna zinazojulikana: bahasha, harambee baada ya ibada, na tangazo la mwinjilisti lililorudiwa Jumapili hadi Jumapili. Kundi linalozungumziwa hapa, la usharika mmoja wa Dar es Salaam, liliondoka Mei, maji yalipokwisha kupungua, kwa basi dogo aina ya kosta lililopita Mbeya, likakata Malawi, likaingia Tete na kushuka hadi Chimoio na Beira. Juu ya keria yalifungwa marobota ya nguo. Inatosha kusema juu ya marobota hayo kwamba kanisa mwenyeji lilikuwa tayari na chumba kizima cha nguo za aina hiyo, yakiwamo makoti mazito ya sufu katika mji wa pwani ambao jasho halikauki, na kwamba soko la mitumba la Beira lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

Wageni walilazwa kanisani, chini ya turubai lililofungwa mahali pa bati, na akina mama wa kanisa, ambao nusu yao walikuwa wamepoteza nyumba, waliwapikia. Jambo hili la kupikiwa na waliofikwa na maafa huwasumbua wajitoleaji wengi, na baadhi hujaribu kulikwepa kwa kujipikia kando, hatua ambayo kwa mila za pwani na bara vilevile ni tusi kwa mwenyeji. Mchungaji mwenyeji alilimaliza kwa busara ya kawaida: alipokea mchango wa unga na mafuta kutoka kwa wageni, akaukabidhi kwa mkuu wa akina mama, na wote wakala sahani moja. Kuhusu kazi alikuwa mkali zaidi. Vijana walikuwa wamekuja na mwiko na pima-maji wakitarajia kujenga, naye akawaeleza kwamba Beira haikukosa waashi, ilikosa saruji na fedha za kuwalipa waashi hao, ambao walikuwa wamekaa vibarazani bila kibarua. Fedha ya ujenzi ikaenda kwa mafundi wa mtaa, na maseremala wawili tu wa kundi wakabaki kuwasaidia kufunga kenchi kwenye linta kwa vyuma vya bapa, kwa sababu paa lililopigiliwa misumari peke yake ndilo lililoruka kwa wingi usiku ule. Waliobaki waliulizwa nani kati yao ana mwandiko mzuri.

Kituo walichopelekwa kilikuwa katika wilaya ya Dondo, mojawapo ya sehemu ambako serikali ilikuwa ikiwahamishia watu kutoka mabondeni na kuwapimia viwanja vipya. Kanisa lilikuwa limeahidiwa shehena ya mahindi, maharage, majembe na mbegu za muda mfupi, ambazo hupandwa katika unyevu uliobaki baada ya mafuriko, na lilitakiwa kuwasilisha orodha ya kaya. Kwa kaya wataalamu wa sensa humaanisha watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, bila kujali kama ni ndugu wa damu. Orodha iliyokuwapo ilikuwa kaunta buku moja lililookolewa kutoka ofisi iliyofurika, kurasa zake zimevimba na kushikana, wino wa buluu umesambaa hivi kwamba jina moja liliingia ndani ya jingine. Aliyetaka kulisoma alilazimika kulielekeza juani na kubahatisha. Vitambulisho havikuweza kusaidia, maana vya wengi vilikuwa vimekwenda na maji.

Hapo ndipo ilipoonekana jinsi daftari linavyoweza kuwa chombo cha haki au cha dhuluma. Mwanamume mwenye wake wawili aliandikwa kama kaya moja, ingawa kila mke alikuwa na chungu chake na watoto wake, na kwa mstari huo mmoja nyumba mbili zilipewa gunia moja. Bibi mmoja alikuwa ameandikwa kwa jina la mwanawe, na kwa kuwa mwana huyo alikuwa amezama, mstari wake ulipigwa wino mwekundu, na bibi akahesabika marehemu pamoja naye. Watu waliopewa hifadhi na ndugu zao mjini, ambao huenda walikuwa wengi kuliko waliokaa kwenye mahema, hawakuwamo kabisa, kwa sababu mwandikaji wa kwanza alipita hema kwa hema na hakubisha hodi nyumba yoyote. Kwa upande mwingine yalikuwamo majina ambayo Mtanzania, aliyekwisha kusikia mengi juu ya wafanyakazi hewa, hakuhitaji kufafanuliwa: zilikuwamo kaya hewa, za watu ambao nyumba zao hazikuguswa na tone la maji, na baadhi yao walikuwa jamaa wa aliyekuwa akishika kalamu.

Ubaya wa jambo hili ulikuwa umekwisha kuonekana kwa sura ya kutisha kuliko gunia la mahindi. Mwezi Aprili 2019 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa kwamba katika wilaya ya Nhamatanda baadhi ya viongozi wa jamii walikuwa wakiwadai wanawake fedha au ngono ndipo majina yao yaingizwe katika orodha za chakula. Anayeshika orodha, kwa maneno mengine, anaweza kuiuza, na mnunuzi wake ni mtu asiye na chochote isipokuwa mwili wake. Maandiko mengi ya Kikristo kuhusu maafa husisitiza huruma, na ni kweli bila huruma hakuna ambaye angesafiri. Lakini huruma haina jibu kwa mwanamke ambaye jina lake limerukwa, na katika suala hili mwandishi anaona kwamba mahubiri ya sharika nyingi yameiacha haki nyuma.

Mchungaji alilijua tatizo hilo na alilijua suluhisho lake. Kila mgeni mwenye kalamu aliunganishwa na katekista wa mahali, yaani mwalimu wa dini asiye kasisi, aliyezungumza Kisena na Kindau na kuijua kila njia ya mtaa. Katekista peke yake asingefaa, kwani alikuwa na shangazi, mashemeji na wadeni katika orodha ileile. Mgeni peke yake asingefaa pia, kwa sababu angeweza kuandikishwa kaya kumi za uongo kwa tabasamu moja. Wawili hao walipita vyungu, wala si mahema, wakaandika upya, na jioni majina yalisomwa kwa sauti chini ya mwembe, mbele ya kila aliyetaka kusikia. Kusoma hadharani kulifanya kazi ambayo fomu za mashirika haziwezi. Jina lisilo la haki liliposomwa, kwanza kulikuwa na kimya, kisha mguno, kisha mama mmoja akacheka waziwazi, na hapo katekista aliuliza kwa upole kama kuna anayemfahamu mtu huyo. Mara nyingi mwenye jina mwenyewe aliomba lifutwe.

Si kila mara. Mzee mmoja aliyeheshimiwa alisimama akiwa na hasira baada ya jina la mdogo wake kuondolewa, akamtaka katekista aeleze amepata wapi ujasiri huo. Katekista hakujitetea, alinyoosha mkono kumwonyesha Mtanzania aliyekaa kwenye benchi na kaunta buku magotini, akasema kwamba mgeni ndiye aliyeandika. Maneno yalimgeukia mgeni, naye akayapokea kwa ukimya aliokuwa ameagizwa na mchungaji. Asubuhi yake mzee na katekista walionekana wakinywa chai pamoja. Tukio hilo lina somo zito kuliko yote ya safari hiyo: kazi ya mgeni haikuwa kuwa mwadilifu kuliko wenyeji, maana wengi wao walikuwa waadilifu kumzidi, bali kubeba lawama ambayo mwenyeji asingeweza kuibeba na kuendelea kuishi mtaani. Mgeni ataondoka, na lawama ataondoka nayo. Katekista atazikana na mzee yule, wataozeshana watoto, na mvua ijayo itawakuta pamoja.

Lugha, ambayo kundi liliiogopa kuliko yote, ilipata mkalimani asiyetarajiwa, mzee wa Kimakonde aliyepigania uhuru na kupitia Nachingwea akiwa kijana, na baada ya vita kubaki Sofala, jimbo lenye mji wa Beira. Kiswahili chake kilikuwa cha miaka ya 1960, kizito na cha adabu, na vijana walipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa namna ya mtu aliyekuwa akiingoja kwa muda mrefu. Ni yeye aliyewaonya wasiulize wafiwa maswali ya ziada. Jina, idadi ya walio hai, mahali walikotoka: basi.

Suala la sala lilileta mabishano ya kweli. Wageni walitaka kila ugawaji mdogo uliofanyika wakati shehena ikingojwa ufunguliwe kwa ibada fupi, na hoja yao haikuwa ya kijinga, kwa kuwa msaada uliotolewa kwa jina la Kristo bila kulitaja jina hilo huonekana kwa mwumini kama jambo la nusu. Lakini katika foleni walikuwamo Waislamu, ambao Beira ina jamii yao ya siku nyingi, na mtu aliyesimama na gunia tupu mbele ya anayesali hana hiari ya kweli ya kutoinamisha kichwa. Kanuni za Maadili ambazo vyama vya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine vilikubaliana mwaka 1994, na ambazo mashirika mengi ya makanisa yamezitia saini, zinasema kwamba msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Mchungaji mwenyeji aliamua kwa njia iliyowaridhisha wote isipokuwa wakaidi wawili: ibada ilifanyika alfajiri, kabla ya lango kufunguliwa, kwa waliotaka kuja, na lango lilipofunguliwa hakuna aliyehubiri. Inastahili kusemwa kwamba ibada hizo za alfajiri zilijaa.

Hatari ya mgeni mwema asiye na mwenyeji wa kumwongoza inajulikana vizuri kutoka Haiti. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010 makundi ya makanisa ya Marekani yalimiminika nchini humo, mengi yakiwa na manufaa, lakini mwishoni mwa mwezi huo Wamarekani 10 wa makanisa ya Kibaptisti walikamatwa wakijaribu kuvuka mpaka kuingia Jamhuri ya Dominika na watoto 33 waliosemekana kuwa yatima, ilhali baadaye ilibainika kwamba wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai. Watoto hao walikuwa wametolewa katika orodha ya nyumbani kwao kabla mtu hajauliza walikuwa wakila chungu kipi. Oktoba mwaka huohuo kipindupindu kiliingia Haiti kupitia uchafu wa kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa uliofika mtoni, kikaua watu karibu 10,000, na ilikuwa Desemba 2016 ndipo Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipoomba radhi. Ndiyo maana Dondo wageni walichimba choo chao siku ya kwanza, mbali na kisima, wakatia vidonge vya klorini hata katika maji ya kunawa, na mtoto aliyekutwa bila wazazi aliandikwa jina, kijiji na jina la babu, kisha akaachwa mikononi mwa jirani aliyekuwa amemtunza, chini ya macho ya ustawi wa jamii.

Shehena iliyoahidiwa ya mahindi, maharage, majembe na mbegu ilifika wakati wageni wamekwisha kuondoka, na hilo lilikuwa sawa. Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani, imeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, na ugawaji ulifanywa na wenyeji wenyewe. Sharika zinazopanga safari kama hiyo zingefanya vema kumwuliza mwenyeji kwa barua, kabla ya kuchangisha nauli, orodha iko mikononi mwa nani na kama kuna kazi yoyote ambayo ugeni wenyewe ndio sifa yake. Na kama jibu ni kwamba hakuna, zitume fedha, na waumini wabaki nyumbani.

Januari 2021 kimbunga Eloise kilitua karibu na Beira na kuyafunika tena mashamba ya Buzi kwa maji. Mipaka ilikuwa na masharti ya Korona, na mchungaji hakuomba mtu kutoka Tanzania. Makarani wake aliwaleta kutoka Chimoio, mji ulio umbali wa takribani kilomita 200 kutoka Beira, vijana wawili wa kanisa ambao hawakuwa na shangazi wala shemeji Dondo, akawaunganisha na makatekista walewale. Usharika ule wa Dar es Salaam uliombwa nauli yao ya basi na bei ya kaunta buku, ukalipa.